Telegramu Nyuma ya Kabati

Harufu ndiyo iliyotangulia. Lakiri ya moto, ile nta nyekundu ya kufungia vifurushi, ilinuka jikoni kwa Kerryn saa kumi kamili alasiri, na jiko lilikuwa limezimwa, na nyumba ile, posta ya zamani, haikuwa imeuza hata stempu moja kwa miaka thelathini.

Siku ya kwanza alifungua madirisha. Siku ya pili akasikia muhuri, du, du, du, upande wa mbele, kwenye chumba cha kaunta. Siku ya tatu akasikia mwanamke akiuliza kwa adabu, kama mtu aliyeuliza swali lilelile mpaka limemchosha:

"Leo kuna changu?"

Sauti ya mwanamume ikajibu, "Bado, mama. Labda kesho."

Akakimbilia chumbani. Alby, mwanawe wa miezi saba, hakuwemo kitandani. Alimkuta kule mbele, amelazwa kwenye mizani ya vifurushi juu ya kaunta, anamchekea mtu asiyeonekana, na kwenye unyayo wake wa kulia pamegongwa muhuri wa wino mweusi wenye jina la mji wao: WIRRABEL, 11 OKT 1917.

"Kerryn, hulali vizuri," mumewe Brodie alimwambia jioni ile, vumbi la ghala la ngano bado liko nyusini. "Ulimweka mwenyewe ukasahau."

"Nimweke mwanangu kwenye mizani? Mimi?"

"Haya, basi ana kilo ngapi?"

Hakucheka. "Kaunta itoke, Brodie. Mizani, kabati la barua, vyote vitoke, la sivyo mimi na mtoto tunatoka."

"Jengo la urithi hili, mpenzi. Hata msumari hatupigi bila kibali. Kesho yule bwana wa halmashauri anakuja kulikagua, mwombe yeye."

Kesho yake bwana Pascoe akaja na tochi na kamera, akamleta na Bi. Nola Tranter, bibi wa miaka themanini na minne, msimamizi wa mwisho wa posta ile kabla haijafungwa. Pascoe aliipapasa kaunta kama anapapasa farasi wa mashindano.

"Mwerezi mtupu! Na vijisanduku vya barua vyote vipo, A mpaka Z! Unajua ni miji mingapi ya bara imebaki na posta kamili namna hii?"

"Sitaki kujua. Nataka vitolewe."

"Vitolewe?" Alimtazama kama ametukanwa.

Bi. Nola hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameushika mguu wa Alby, anautazama unyayo.

"Anakuja saa kumi?" akauliza polepole.

"Nani?"

"Hester Quill. Hata mimi alikuwa ananiuliza, binti. Miaka ishirini na miwili namjibu, bado, mama. Mimi sikuwa na mtoto wa kuchukuliwa."

Akaeleza. Wakati wa ile vita kuu ya kwanza, telegramu ya kifo haikupelekwa na tarishi. Alipewa mchungaji, naye akatembea nayo barabarani, na wanawake wa mtaa mzima wakasimama nyuma ya mapazia wakiomba asifungue geti lao. Ilipofika ya Edward Quill, mwana wa Hester, aliyeitwa Ned, mchungaji alikuwa safarini, na msimamizi wa posta, bwana Treloar, akaificha amsubiri. Mchungaji akarudi. Treloar akaogopa, atasemaje kuhusu kuchelewa? Siku zikaenda. Hester akawa anakuja kila saa kumi, treni ya barua ikiingia, anaulizia mwanawe, anajibiwa bado, mpaka akafa anaulizia.

"Aliificha wapi, hakuna aliyejua," alisema Bi. Nola.

Pascoe alikuwa ameshaingiza mkono nyuma ya kabati la barua, mpaka begani. Ukatoka na bahasha iliyogeuka rangi ya chai.

"Haijafunguliwa! Hii peke yake inapandisha thamani ya jengo zima!"

"Ina mwenyewe hiyo," Bi. Nola akasema.

"Mwenyewe sasa ni historia, bibi." Akaipiga picha, akairudisha palepale. Kanuni ndiyo hiyo, akasema, kitu cha urithi kinabaki kilipokutwa mpaka ripoti itoke. "Isiguswe, tafadhali."

Mlangoni Bi. Nola akamnong'oneza Kerryn, "Treloar amechoka kusema bado. Atampa Hester chochote kilichopo, hata mtoto. Akiuliza, msomee wewe ile telegramu."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi. Gari alikuwa nalo Brodie, nje jua linachoma lami, na Kerryn akamfunga Alby kifuani kwa mbeleko, akakaza fundo, akalikaza tena, akasema hapa hatoki, hapa hatoki, na lakiri ikaanza kunuka, na muhuri ukaanza, du, du, na yule mwanamke akauliza leo kuna changu, na safari hii Treloar hakusema bado, alisema, "Leo kipo, mama," na papo hapo mbeleko ikawa nyepesi, fundo bado limekaza na ndani hamna mtu, na Alby yuko juu ya kaunta anasukumwa taratibu kuelekea upande wa wateja, anasukumwa na hewa, na glavu mbili nyeusi zimenyooshwa kumpokea, glavu tu, bila mikono, na Kerryn akajitupa nyuma ya kabati akachubuka bega akaivuta ile bahasha akairarua kwa meno akapiga kelele:

"Koplo Edward Quill! Ameuawa vitani! Tarehe nne Oktoba! Mama Quill, Ned amekufa! Amekufa, mama, usimsubiri tena!"

Glavu zikasimama.

"Ahsante, binti," ile sauti ikasema. "Moyoni nilikuwa najua, sikuambiwa tu." Hatua zikaelekea mlangoni, kengele ikalia mara moja, na Alby akaanza kulia kilio cha kawaida kabisa, cha njaa.

Kerryn alimnyonyesha pale pale sakafuni. Akambusu unyayo, mweupe, hauna wino. Akacheka, akalia, akachemsha chai. Brodie hurudi saa kumi na moja, atamweleza yote.

Saa kumi na moja na nusu, muhuri ukagonga. Du. Mara moja tu.

Kwenye kijisanduku cha herufi D palikuwa na bahasha mpya, wino bado mbichi, tarehe ya leo: BI. KERRYN DOOLAN.

Alitazama dirishani. Gari la Brodie halikuwepo. Ng'ambo ya barabara pazia la jirani lilitikisika, kisha la jirani wa pili. Mchungaji alikuwa anakuja kwa miguu kwenye jua lile, kofia ameishika mkononi. Akapunguza mwendo. Akaweka mkono kwenye geti.

Kerryn hakuifungua bahasha. Aliisukuma nyuma ya kabati, mpaka mwisho wa mkono wake, palepale ilipokuwa ile nyingine. Mlango ukagongwa.

"Bado," akajibu, amemkumbatia mtoto. "Labda kesho."