Mtoto wa Chuma

Umewahi kusikia habari za mwizi anayefagia duka kabla ya kuondoka?

Inspekta Fiona Mwaniki hakuwahi. Jumatatu hiyo ya mwaka 2017 alisimama ndani ya duka la vitu vya kale huko Rosettenville, Afrika Kusini, akaitazama sakafu, akaitazama tena. Dirisha fupi la nyuma lilikuwa limevunjwa kioo kimoja, nafasi ya kupitisha mkono tu na kufikia komeo. Vipande vyake vilikuwa vimekusanywa, vikafungwa katika gazeti, vikawekwa juu ya ndoo ya takataka ili mtu asijikate. Vikombe vya fedha vilikuwepo. Saa ya ukutani ilikuwepo, inagonga.

"Kimeibiwa nini?" aliuliza.

"Cherehani," alijibu mwenye duka. "Ile ya kuzungusha kwa mkono."

Aliitwa Jeannine, bibi wa Kibelgiji mwenye mvi nyeupe kama pamba. Alizaliwa Katanga, akaletwa Afrika Kusini na wazazi wake mwaka Kongo ilipopata uhuru. Kiswahili cha utotoni alikuwa bado anakizungumza.

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Kuna mtu aliyeitamani?"

"Mama mmoja aliingia wiki iliyopita. Aliigeuza, akaangalia chini yake, machozi yakamlengalenga. Akatoka bila kuaga. Jina lake silijui."

Inspekta aliinama dirishani. Komeo lilikuwa na kutu ya miaka, lakini alipolisukuma halikulia. Lilikuwa limepakwa mafuta. Mafuta mekundu. Akayanusa.

"Mawese," alisema.

Mtaalamu wa alama za vidole alifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Dole gumba zima lilikuwa pale, jekundu, kila mstari unaonekana. Lakini alama bila mwenye dole haisaidii kitu. Inspekta akamwita mlinzi wa mtaa, kijana wa Bukavu aitwaye Ruphin.

"Jana asubuhi, wakati wa ibada, nani alipita hapa?"

"Hakuna mwizi aliyepita, chef," alijibu, kama anavyomwita kila mkubwa.

"Sikuuliza mwizi. Nani alipita?"

"Mama mzee tu, na mtoto mgongoni. Nilimvusha barabara pale kwenye robot, kwenye taa."

"Mtoto alilia?"

"Hapana. Mtoto mwenye adabu sana."

"Ulimwona uso?"

"Alikuwa amefunikwa. Nilimpapasa kichwa, nikambariki." Ruphin akasita. "Kilikuwa kigumu."

"Kigumu namna gani?"

"Kilikuwa na kona, chef. Eish!"

Akajiziba mdomo. Inspekta akakohoa ili asicheke mbele ya shahidi.

"Alivaa nini?"

"Kitenge cha bluu chenye tausi wa njano. Sare ya wamama wa kanisa letu kule Bellevue."

Hapo ndipo mwizi alipokosea. Jumapili ile ilikuwa siku ya sare, na mama wa Kikongo hatoki nyumbani siku ya sare bila sare yake, hata kama anakwenda kuiba.

Mchana Inspekta aliwakuta wamama wale ukumbini mwa kanisa, wanamenya viazi vya harusi.

"Nani kati yenu ana mtoto mchanga?"

"Sisi?" alisema mwenyekiti wao, Mama Benita. "Mwanangu, mdogo kuliko wote hapa ni mimi, na nina wajukuu saba!"

"Nani hakuja ibadani jana?"

Visu vikasimama.

"Victorine," alisema Benita polepole. "Alituambia mgongo unamuuma."

"Kumbe alikuwa anajifungua!" mmoja akapiga kelele. "Kama Sara!"

Walicheka hadi wakafutana machozi kwa pindo za vitenge. Wakamwelekeza.

Ilikuwa nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa vyumba, kila mlango na jiko lake nje. Kutoka chumba cha mwisho ilisikika tiki-tiki-tiki. Mama Victorine alifungua, utepe wa kupimia shingoni. Nyuma yake aliketi baba yake, Papa Gaston, mzee wa miaka themanini na minane, mkono juu ya gurudumu la cherehani.

"Karibu, mwanangu. Umekula?"

"Nimekuja kwa ajili ya cherehani, Mama."

"Kuna sombe na fufu."

"Mama."

"Kaa kwanza."

Inspekta akakaa. Sahani ya majani ya muhogo na ugali ikatua mapajani pake, mawese yanang'aa.

"Ni wewe uliyevunja dirisha?"

"Njo mimi," alikubali Victorine.

"Ukaichukua?"

"Njo mimi. Lakini nilifagia."

"Nimeona. Kwa nini?"

Victorine aliipindua cherehani. Chini yake palikuwa na mchoro uliokwaruzwa kwa msumari: mfupa wa samaki.

"Baba alikuwa mtunza ghala wa serikali ya Wabelgiji. Kodi ya watu ilinunua cherehani za kuwafundishia wanawake kushona. Kila moja aliitia alama hii. Zikapotea. Mkuu wa wilaya akasema mwizi ni Gaston. Miaka minne gerezani! Mpaka leo, humu humu ndani, watu wa kwetu wanamwita Papa Cherehani na kuficha pochi zao anapopita. Nilipoiona alama dukani, niliijua mara moja. Nani angeniamini? Nilitaka baba aiguse tu."

"Mkuu huyo aliitwa nani?"

Mzee mwenyewe akalitaja. Lilikuwa jina lile lile la ukoo lililoandikwa juu ya mlango wa duka la Rosettenville.

Inspekta alimaliza sombe, akapiga simu. Jeannine akafika jioni, jua bado lipo uani. Aliiona cherehani, akamwona mzee, akakaa kitandani bila kukaribishwa.

"Ilifikaje kwenu?" Inspekta aliuliza.

"Ndani ya sanduku. Masanduku yalijaa gereji yetu. Baba aliwagawia rafiki zake, moja akampa mama. Nilikuwa na miaka saba. Niliambiwa nisiseme."

"Unamshtaki Mama Victorine?"

"Kwa lipi? Kachukua mali ya kwao." Akamwinamia mzee. "Papa Gaston, hukuiba. Aliyeiba ni baba yangu."

Mzee akaweka kiganja sikioni. "Unasema?"

"Hukuiba!"

"Paza sauti, binti. Masikio ya mzee."

Jeannine akasimama, akajaza kifua, akapiga kelele hadi vikombe vikatikisika:

"GASTON HAKUIBA! ALIYEIBA NI BABA YANGU!"

Milango ya korido ikafunguka mmoja mmoja. Msusi akatoka na chanuo mkononi, mteja wake na kichwa kilichosukwa nusu. Mtu akauliza, mwingine akajibu, na vigelegele vikaanza. Victorine alikuwa analia na kupakua sombe kwa wakati mmoja.

Papa Gaston akashusha kiganja chake sikioni.

"Nilikusikia toka mara ya kwanza," alisema. "Nilitaka wasikie wao."