Mwarimu Aliyefuta Jina la Nzaramba

Wallahi, mkono wangu huu ukatike kama naongeza hata punje: hii mambo imetokea, hapa hapa Kigali, na mimi niliijua kabla ya polisi, kabla ya redio, kabla ya imamu wetu. Aliyeniambia ni mdogo wangu Usumani, motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anayejulikana kuanzia Kanombe mpaka Burundi. Usumani hajui kudanganya. Akili yote ya familia nilipewa mimi.

Sasa sikia.

Kulikuwa na mwarimu wa historia pale Remera, Rutayisire, mtu wa kukulia Uganda, shati safi kila siku. Wanafunzi aliwafundisha kitu kimoja mpaka wakakiota usingizini: historia haiandikwi kwa mdomo mmoja. Uliza watu watatu wasioonana. Yakilingana, andika. Na jina la mtu usilifute, hata upewe nini.

Alikuwa anaandika kitabu cha kilima cha Gahanga. Jumanne moja, jua zuri, Usumani akampeleka kwa Mukunde, mukecuru, kikongwe wa miaka mia na kitu. Wakakaa nje, bibi anachambua maharage, simu inarekodi juu ya kinu.

"Chemchem ile ya chini alichimba baba yangu, Nzaramba," bibi alisema. "Wakati wa Wabelgiji. Msimamizi alimpiga fimbo mpaka akafia kwenye matope, halafu akasema ni yeye amechimba. Namngoja mwenye kalamu tangu niko mtoto. Jina la baba lisikose."

"Halitakosa, mukecuru. Naapa."

"Na wewe unaitwa nani?"

"Rutayisire."

Bibi akalirudia mara tatu, polepole, kama mtu anaonja chumvi ya mchuzi. "Basi," akasema, "tumewekeana majina."

Mwarimu akaenda kwa wazee wengine wawili. Wote wakasema Nzaramba. Ushahidi umetimia.

Shida ikaja na Régis, mkubwa wa kamati ya wazazi pale shuleni. Msimamizi yule wa fimbo alikuwa babu yake. Alimkalisha mwarimu mbele ya burosheti za nyama ya mbuzi.

"Shule inatafuta mkuu mpya," akamwambia. "Mimi iko na sauti, wewe iko na kalamu. Wale vikongwe watatu, nani atawauliza tena?"

Rutayisire alitafuna nyama, akanawa mikono, akaenda zake. Lakini kitabu kilipotoka, chemchem ilikuwa imechimbwa na babu ya Régis. Sauti za wale wazee alizifuta kwenye simu, moja moja.

Ujinga wake ni kumpelekea Mukunde kitabu. Alijua bibi hajui kusoma.

"Nisomee pale pa baba."

Akasoma. Jina la Nzaramba alilitia kwa mdomo, karatasi haina. Bibi akapitisha kidole juu ya mistari. Kidole kikasimama.

"Hapa baba hayuko."

"Yuko, mukecuru."

"Umemfuta." Hakupandisha sauti. "Haya. Jina lako ninalo."

Jumatatu akagawa vitabu darasani. Msichana wa mbele, Gaju, akasoma ukurasa mmoja, akainua kichwa.

"Samahani, wewe ni nani?"

Akadhani ni utani. Wengine wakafungua vyao. Vichwa arobaini vikainuka pamoja, vikamtazama kama mtu aliyekosea mlango. Akageuza kitabu. Kwenye jalada, pale jina lake lilipokuwa, palikuwa peupe.

Akakimbia nyumbani. Asubuhi alikuwa amemwachia mkewe kitabu kimoja mezani.

Annah alikuwa kwenye kochi. Kitabu magotini.

"Annah, funga hicho," alinong'ona.

Annah akasimama kwa heshima, kama anapokea mgeni. "Karibu. Unamtafuta nani?"

Ukutani, picha ya harusi. Annah, gauni, maua. Mkono wake umeshika hewa.

Akabaki Usumani. Ukoo wetu hatufungui vitabu tangu babu, na siku hiyo ndiyo tuliona faida yake.

"Usumani, niite."

"Rutayisire. Kuna nini, bosi?"

Mwarimu akalia machozi. "Nipeleke Gahanga, nikamwombe bibi. Niite njia nzima. Usinyamaze."

Usumani akaita njia nzima, watu wanamshangaa. Rutayisire. Nyuma anajibiwa: nipo. Rutayisire. Nipo. Pale lami inapoisha, lori likapita, vumbi likamwingia Usumani kooni. Akakohoa. Mara moja tu.

Akaita tena.

Kimya.

Pikipiki ikawa nyepesi.

Mukunde alikuwa kwenye chemchem, anajaza kidumu. "Umekuja peke yako?" akamuuliza.

Usumani akageuka. Kofia ngumu ya abiria ilikuwa imekaa kwenye kiti. Mkanda umefungwa, kama bado kuna kidevu. Ndani kuna joto.

Na juu ya saruji, pale maji yanapotoka, kulikuwa na jina kwa chaki. NZARAMBA. Bibi hajui kuandika. Ule ulikuwa mwandiko wa ubaoni, mzuri, wa mwarimu. Nimeenda mwenyewe kuutazama. Mvua kubwa zimepita, nimesugua kwa sabuni na mchanga mpaka kucha zikatoka damu. Chaki haitoki.

Kofia iko kwangu, chini ya kitanda. Mkanda bado umefungwa, na hakuna mkono umeweza kuufungua, hata huu wangu unaopinda chuma. Nimekuambia wewe peke yako. Usimwambie mtu. Hasa mtu mwenye kalamu.