Insha Iliyomzika Mtu Hai

Tiki, tiki, tiki. Alfajiri, kabla sijawasha jiko, nilisikia vidole vikigonga kioo cha simu chini ya shuka. Mjukuu wangu, tunayemwita Chiriku kwa wingi wa maneno, alikuwa amejikunyata humo.

"Una homa?"

"Hapana, Bibi. Naogopa."

Mwalimu wa Kifaransa alimtuma kwa muuguzi mstaafu wa mtaa wa pili anayejua Kifaransa, wazungumze kwa lugha hiyo, kisha aandike insha juu ya maisha yake. Hakwenda. Aliiambia roboti ya kwenye simu imwandikie, akanakili. Mwalimu akaisifu, akamwalika muuguzi aje leo asikie ikisomwa.

"Sasa nimeiomba roboti initafsirie insha. Bibi, imeandika mume wake alikufa! Mimi hata sijui kama ana mume."

Mumewe, mzee yule, yu hai, mgonjwa kitandani mwezi wa nne sasa, na mkewe huomba kila siku asimpoteze.

"Vaa viatu."

"Atanifukuza!"

"Akufukuze nikiwapo. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yako imeishia leo."

Muuguzi alifungua mlango, chupa ya dawa mkononi. Chiriku aliungama huku machozi yakilowesha daftari. Mama yule alisoma hadi mwisho. Hakufoka. Aliingia chumbani na daftari, tukabaki sebuleni. Chiriku akanibana mkono mpaka ukaniuma.

Ghafla tukasikia kikohozi, kisha sauti: "Nani huyo amenizika bila hata kunililia? Mleteni nimwone!"

Kando ya kitanda, Chiriku aliuliza swali la kwanza kwa Kifaransa cha kubabaisha. Mzee alijibu polepole, akarudia kila Chiriku asipoelewa. Muuguzi akamsogezea mtoto kiti, akamfuta machozi kwa upindo wa nguo yake.

"Mashine ile inajua maneno," alimwambia, "ila haijapita mlangoni kwangu. Ukikwama kwenye neno, iulize. Habari za mtu, muulize mwenyewe."

Shuleni Chiriku alisema ukweli mbele ya wote. Mwalimu alifuta alama zake, kisha akamruhusu asome sentensi nne alizoandika mwenyewe, na makosa yake. Muuguzi ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Kisha akainama, akamnong'oneza: "Mzee anakuomba uje tena kesho. Anasema atajitahidi awe hai."