Karatasi ya Mapazia

Kila siku baada ya shule, Kidole hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwanza kwa shangazi yake, kwenye chumba cha mbele chenye meza moja, kompyuta moja na kiti cha mguu mbovu. Jina la Kidole alipewa na shangazi huyo huyo, kwa sababu vidole vyake vilipita juu ya kompyuta kama kuku anayedonoa mtama. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, darasa la sita.

Shangazi alikuwa kocha wa biashara. Zamani alifundisha watu namna ya kuwachekea wateja. Mwaka ule alianza kufundisha akili bandia, yaani zile programu za kompyuta ambazo ukiziuliza swali zinakujibu kama mtu. Kozi hiyo hakuitunga yeye. Aliinunua mtandaoni ikiwa tayari, pamoja na mazoezi yake na hata vichekesho vyake. Kilichobaki ni kuweka jina lake juu.

"Ni kama nguo ya dukani," alisema. "Unavaa. Huulizi kashona nani."

Kazi ya Kidole ilikuwa kubadilisha maneno. Kozi ikiwa imeandikwa kwa wauza viatu na waliokuja ni wenye saluni, aliiamuru kompyuta itafute kila penye neno "viatu" iweke "nywele". Siku moja ikatoka sentensi hii: "Mteja akilalamika kuwa nywele zinambana vidole, mpe namba kubwa zaidi." Kidole alicheka mpaka akatoa machozi. Shangazi naye alicheka, akaifuta.

"Nani anasoma mpaka ukurasa wa tisa?" alisema. "Watu wanataka cheti."

Ijumaa moja Shangazi alimwambia, "Kesho tunakwenda karakana kwa mama yako. Msimamizi wao kanikubalia."

Kidole alifurahi. Karakana ile ilishona sare, na mwezi ule ilikuwa na mashati mia mbili ya shule yake mwenyewe. Mama yake ndiye aliyekuwa mkataji. Lakini Shangazi hakuwa na kozi ya washona mashati. Iliyokaribia ni ya washona mapazia.

"Penye pazia weka shati. Penye dirisha weka kifua," Shangazi aliagiza.

Kidole alifanya hivyo, kisha akasoma. Katika swali ambalo mafundi wangeiuliza kompyuta palibaki maneno haya, kwa kuwa kompyuta ilitafuta "dirisha" tupu ikaruka "dirishani": "Pembeni usiongeze nafasi ya mshono, kwa sababu ukingo wa kitambaa cha dirishani haufumuki." Kidole alikuwa mtoto wa fundi. Alijua kuwa pazia huachwa na ukingo wake, lakini shati hushonwa ubavuni, na ubavu usioachiwa nafasi humezwa na mshono.

"Shangazi, hapa pana kosa. Hili ni la pazia. Shati litabana."

Shangazi alitazama saa ya ukutani. "Futa hayo ya mwisho, yanachanganya watu. Kompyuta ina akili, itajua yenyewe."

"Lakini Shangazi…"

"Hivyo viatu miguuni kakununulia nani?"

Tangu baba yake afariki, viatu na mkoba vilitoka kwa Shangazi. Kidole akafuta kuanzia neno "kwa sababu" mpaka mwisho. Ikabaki amri tupu: pembeni usiongeze nafasi ya mshono. Karatasi ya kwanza, iliyochapwa kabla ya maneno hayo kufutwa, Shangazi alimpa afanyie hesabu za shule kwa nyuma, kama kawaida yake.

Jumamosi karakana ilijaa harufu ya mafuta ya cherehani na mvuke wa pasi. Mama alikuwa na desturi moja ambayo wenzake waliizoea: kabla ya kugusa kitambaa alikata kwanza magazeti, akayaunga kwa mishono mirefu, akamvisha mtoto yeyote aliyepita. Shati hilo la gazeti likimkaa, ndipo alipochukua mkasi. Msimamizi, ambaye kabla ya hapo alisimamia ghala la sabuni, hakuipenda desturi hiyo.

"Tunashona nguo au tunasoma habari?" aliuliza kila mara.

Shangazi alisimama mbele, akaionyesha kompyuta, akaiuliza lile swali. Jibu likaja papo hapo: vipimo vya kila namba ya shati, vimepangwa kwenye jedwali safi. Watu wakapiga makofi. Mama hakupiga. Alivifuata vipimo kwa kidole, mstari mmoja baada ya mwingine.

"Wifi, ubavuni hapa naona pembamba."

"Wifi yangu, hesabu hiyo imepigwa na akili isiyochoka. Wewe kata."

"Nijaribu kwanza kwa gazeti moja tu."

"Leo hakuna magazeti," alisema msimamizi. "Ndiyo maana nimemleta kocha."

Mama alimgeukia binti yake, aliyekuwa akigawa karatasi. "Mwanangu, hizi umeziandaa wewe. Umezisoma? Ziko sawa?"

Shangazi alimtazama Kidole juu ya miwani. Kidole alitazama viatu vyake.

"Ziko sawa, Mama."

Basi Mama akatandika kitambaa tabaka juu ya tabaka, akachora kwa chaki, na mkasi ukaingia. Hakuuliza tena. Jioni Shangazi alikusanya karatasi zote akisema ni mali ya kozi.

Alhamisi Kidole alipotoka shule alimkuta Mama nyumbani, mchana kweupe. Mkasi wake wa kazi ulikuwa mezani, umefungwa kwenye kitambaa. Kidole alijua maana yake. Mkataji hubeba mkasi wake siku anapoondoka moja kwa moja.

"Mashati hayafungi vifuani," Mama alisema. "Shangazi yako kasema vipimo vilikuwa sahihi, mkono wangu ndio uliokosea. Msimamizi kamwamini."

Alikuwa amekaa dirishani na sindano. Alitunga uzi mara moja tu, ukapita. Akauchomoa, akautunga tena, ukapita.

"Nilidhani ni macho," alisema. "Macho huzeeka bila kumuaga mtu. Lakini naona. Sasa nilikosea wapi?"

Akauchomoa uzi kwa mara ya tatu. Kidole hakuweza kutazama. Alifungua daftari lake la hesabu, akaitoa karatasi ile, akaigeuza upande wa chapa. Mama alisoma polepole, akifuata kwa ncha ya sindano, mpaka penye "kitambaa cha dirishani". Akarudia.

"Ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Hata nilipokuuliza?"

"Hata uliponiuliza."

Mama hakupaza sauti. Kidole angefurahi kama angepaza. Aliichomeka sindano kwenye kitambaa, akachukua mkasi. "Vaa viatu. Twende."

Shangazi walimkuta huko huko karakana, amemwekea msimamizi karatasi za mafunzo ya awamu ya pili. Kwenye meza ya kukatia yalirundikwa mashati mia mbili. Kidole aliweka karatasi yake juu ya rundo.

Msimamizi alisoma. Mzee mmoja mshona vifungo, mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake, alisomea begani kwake.

"Kumbe watoto tuliwapima kama madirisha," alisema. "Mngeniambia mapema, ningewatia pete za kuwaning'inizia."

Mmoja alianza kucheka, akaacha.

"Aliyechapa ni mtoto huyu," Shangazi alisema. "Mimi nilimwamini. Mtoto ni mtoto."

Macho yote yakamgeukia Kidole. Mkono wa Shangazi, ambao alizoea kuushika barabarani, ulikuwa ukikusanya karatasi upesi upesi, kana kwamba mvua inakuja.

"Ni kweli nilichapa mimi," Kidole alisema. "Nilikwambia ni la pazia, ukasema kompyuta itajua yenyewe. Halafu Mama akaniuliza mbele ya watu wote, nikamdanganya. Mama hakukosea."

Kompyuta ya Shangazi ilikuwa mezani. Msimamizi alimwomba afungue kozi yenyewe, ile aliyoinunua. Shangazi akasema chaji imekwisha. Hakuna aliyebishana naye. Aliubeba mkoba wake, akapita kati ya cherehani bila kuaga.

Msimamizi alikohoa. Hakuomba radhi. "Fundi, meza yako ile pale."

"Kwanza niletewe magazeti," alisema Mama. Msimamizi akaenda kuyatafuta mwenyewe.

Mashati yaliokolewa, lakini hayakupona. Yalifumuliwa yote ubavuni na kutiwa kipande kila upande. Kitambaa cha mwanzo kilikuwa kimekwisha, na kipya kilikuwa na rangi iliyokoza kidogo kuliko cha zamani. Wiki mbili nzima Kidole alifumua mishono baada ya shule, mpaka ncha za vidole zikaota sugu. Mashati yalifika shule yakiwa yamechelewa siku nyingi. Darasani wenzake wakayaita mashati ya mbavu. Kidole naye alilivaa la kwake, na kila alipoinua mkono kujibu swali, kipande kile kilionekana.

Shangazi hakuja tena kwao. Akikutana na Mama njiani alivuka upande wa pili. Mwisho wa mtaa palibandikwa tangazo lake jipya: mafunzo ya akili bandia kwa wafugaji wa kuku, kozi imetungwa na kocha mwenyewe.

Jioni moja Kidole alimsaidia Mama kukunja magazeti karakana. "Mama, Shangazi atatukasirikia mpaka lini?"

"Sijui. Huenda mpaka mwisho. Na viatu vikichakaa itabidi tusubiri." Mama aliendelea kukunja. "Ile kompyuta ilipewa sharti la pazia, ikajibu kwa sharti hilo. Shangazi yako aliuza kitu asichokijua. Mimi niliona ubavu mwembamba, nikaogopa watu, na hilo ni kosa langu. Lakini karatasi ilikuwa mkononi mwako. Mwenye kujua akinyamaza, mwanangu, asiyejua hukata. Na kitambaa kikishakatwa hakirudi, unatia kipande tu."

Akamsogezea vipimo vya sketi alivyoviandika kwa penseli. "Soma. Ukiona kosa sema, hata kama nitakasirika."

Kidole alisoma taratibu, mpaka ukurasa wa mwisho.

"Mama, namba nane. Kiuno umekiandika kikubwa kuliko cha namba tisa."

Mama aliunyanyua mkasi juu ya gazeti, akauweka chini, akapima upya.

"Kweli," alisema, akafuta.