Tairi za Theluji Mwezi wa Saba

Eckhard alikoroga kahawa mpaka ikapoa. Julai kama hii, miaka mingine, angekuwa anapakia viti na mkaa wa kuchomea soseji kwenye gari lao la kulala, lile lenye vitanda, jiko na choo. Sasa gari lilikuwa limesimama uani, na kwenye kioo alikuwa amebandika karatasi: LINAUZWA.

"Kunywa basi," alisema mkewe, Irmtraud. "Hiyo kahawa imekukosea nini?"

"Sina hamu."

Hakuwa na hamu ya chochote. Wiki iliyopita, siku ya joto kali, msichana aitwaye Lioba alikuwa akivuka barabara na baiskeli yake kwenye kivuko. Eckhard alimwona mapema, akakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari liliendelea kwenda, likamgonga. Lioba alivunjika mguu, na madaktari walisema huenda asitembee tena kama zamani.

"Ni mguu wangu huu," Eckhard alisema. "Umezeeka. Kichwa kinaamuru, wenyewe unachelewa. Siendeshi tena mpaka nakufa."

Jirani yao Wiebke, aliyekuwa dereva wa basi mpaka alipostaafu, aliingia bila kubisha.

"Unauza gari, jirani?"

"Nauza. Nimezeeka."

"Kuzeeka umezeeka, hilo halina ubishi. Hebu njoo nje."

Jua lilikuwa linachoma. Wiebke aliinama kwenye tairi ya mbele.

"Hii alama ya mlima na theluji inatafuta nini hapa mwezi wa saba?"

"Hizo tairi za baridi zinakaa mwaka mzima," alisema Eckhard. "Kwenye kambi za likizo mvua ikinyesha, wenzetu wanakwama kwenye nyasi, sisi tunatoka. Na polisi walipima mifereji yake. Bado ina kina."

"Kina kipo. Tatizo ni mpira. Umetengenezwa laini ili ushike barafu. Kwenye lami ya moto unazidi kulainika, ukifunga breki gari halisimami vizuri. Na hili gari zito, nyumba nzima iko mgongoni. Si nilikwambia Pasaka, baridi ilipoisha na mtaa mzima ulipokuwa unabadilisha tairi? Ulinijibu nini?"

Eckhard alikumbuka. Alimwambia akaendeshe basi lake. Watu walicheka, naye akafurahi kuwachekesha.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ila hapa asiyesikia alibaki mzima, na guu lililovunjika ni la mtoto wa watu. Eckhard aliketi kwenye changarawe akalia.

"Heri ungekuwa uzee," alisema. "Uzee sikuuchagua."

Irmtraud alimshika bega.

Siku chache baadaye walifunga tairi za kiangazi zinazohimili uzito wa gari lile. Fundi aliwaonya jambo jingine: gari lisilotembea sana, tairi zake huzeeka kabla hazijalika. Kwa hiyo wasiangalie mifereji tu, wasome pia mwaka wa kutengenezwa, ulioandikwa ubavuni.

Walikwenda kwenye uwanja mtupu. Eckhard aliongeza mwendo.

"Kanyaga," alisema Wiebke.

Alikanyaga, gari likasimama pale pale alipotaka. Irmtraud alishusha pumzi. Mguu wa mumewe haukuwa na kasoro yoyote, na jambo hilo lilimuumiza Eckhard kuliko ugonjwa.

Jioni alikwenda kwa Gesine, mama yake Lioba.

"Nilikwambia ni uzee," alisema mlangoni. "Si uzee. Ni tairi za baridi. Nilionywa, nikafanya mzaha."

Gesine akauliza tairi za namna gani, naye akamweleza kama alivyoelezwa. Uso wa mama yule ulibadilika.

"Na mimi za gari langu sijabadilisha," alisema polepole. "Nilisema ngoja kwanza ziishe. Na Lioba nampakia humo kila siku kumpeleka kwa daktari."

Waliteremka barabarani pamoja. Eckhard alipiga magoti kando ya gari dogo jekundu, akamwonyesha alama.

"Kesho nazitoa," alisema Gesine. "Lakini wewe sijakusamehe."

"Najua, mama."

Alisogea kwa magoti, akamwonyesha tairi ya nyuma.