Boneti ya Asubuhi

Siku hiyo Rusumo malori yalipanga foleni kutoka mpakani hadi kwa wauza chapati, madereva wamekaa kwenye vivuli vya malori yao wakinywa chai. Keza alipita katikati yao akiwa na kitenge cha njano chenye picha za ndege kanga weusi, ametoka kushusha parachichi za kwao Mugoma kwenye gari la kukodi. Akasimama mbele ya pikapu nyeupe iliyobandikwa karatasi kiooni: INAUZWA. Hakumtazama kijana aliyeegemea mlango. Aliweka kiganja chake juu ya boneti.

"Dada, umelisalimia gari kabla yangu," kijana akasema.

"Natafuta gari. Kwani na wewe unauzwa?"

"Inategemea mnunuzi."

Aliitwa Privatus, mkulima wa Nyabusozi kule Biharamulo, anabeba mihogo yake na ya majirani. Alikuwa mrefu, shati la drafti amelipiga pasi mpaka mikono inasimama yenyewe.

"Lina joto," Keza alisema. "Gari likishapata moto linaficha maradhi. Mimi nataka kulisikia likiamka."

"Ninyi Wahangaza mnakagua hata ugali."

"Ndiyo maana matumbo hayatuumi."

Wakapeana namba za simu wakicheka.

Wasichana mnaosoma hapa, msimuone Keza mgumu. Mama yake, Speciose, alikuwa ameuza ng'ombe wote wawili ili mwanawe aache kukodi magari ya watu. Ng'ombe wa tatu hakuwepo. Akinunua gari bovu, hapo ndipo mwisho.

Basi simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?" Privatus anauliza.

"Nimekula. Gari je, linakula oili?"

"Jamani Keza, niulize na mimi ninakula nini."

"Haya, unakula nini?"

"Mawazo yako, na kachumbari kidogo."

Keza alicheka mpaka Speciose akaacha kupeta maharage. "Unacheka na gari au na mtu?"

"Na mtu, mama."

"Basi fungua macho mara mbili."

Wakakubaliana Keza aende Nyabusozi alione gari asubuhi, kabla halijawashwa. Alilala Biharamulo mjini kwa binamu yake Felisita. Uani kwa Felisita palikuwa na gari jekundu ambalo kuku walitagia kwenye kiti cha dereva.

"Hili nilioneshwa jioni," Felisita alisema, "limeoshwa, linanguruma kama paka aliyeshiba. Muuzaji naye ana meno mazuri, ananiita malkia. Likaja kuzimika mlima wa kwanza. Sasa malkia ni yule tetea."

Kulipopambazuka Keza alipanda pikipiki hadi Nyabusozi. Umande ulikuwa umelowesha kila kitu uani kwa Privatus: majani ya migomba, kamba ya nguo, hata kiti cha plastiki. Pikapu ilikuwa kavu. Akagusa boneti. Moto.

"Umeliwasha leo?"

"Hapana," Privatus alisema, anatabasamu. "Halijawaka tangu jana. Karibu ndani kwanza, upumzike."

Keza alimtazama usoni, kisha akatazama gari. "Asante. Nimeshapumzika." Akarudi kwenye pikipiki ileile, na Privatus akabaki ameshika mlango wazi.

Baada ya hapo Privatus alikuwa anapiga simu, inakatwa. Keza aliendelea kupakia parachichi kwenye magari ya watu. Mpaka siku moja ikaingia namba asiyoijua.

"Wifi, habari za Mugoma?"

"Mimi si wifi wa mtu. Nani mwenzangu?"

"Adelfina, dada yake Privatus. Nakupigia kwa ajili ya yule samaki."

"Samaki gani?"

"Sato. Siku uliyokuja kaka alikwenda mjini alfajiri na gari kumchukua sato mkubwa, alitaka tu ushangae mezani. Ndiyo maana akakudanganya. Tulimla yule samaki kama tuko msibani."

Keza akacheka kidogo, kisha hasira ikarudi. Akampigia Privatus.

"Ungesema umekwenda kununua samaki, ungekufa?"

"Nilitaka ushangae, Keza wangu."

"Nilishangaa. Uongo wa samaki na uongo wa injini, mimi nitautofautishaje nikiwa nimesimama pale uani na ng'ombe wa mama yangu mkononi?"

"Nifanye nini?"

"Lete gari Mugoma. Lilale kwetu."

Alilileta jua likielekea kuzama. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ufunguo." Speciose aliupokea, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake. Privatus akaenda kulala kwa jirani.

Asubuhi gari lilikuwa limeloa umande kuanzia kioo hadi bodi. Keza akagusa boneti, baridi kama jiwe la mtoni. Alipopanda na kushika ufunguo aliopewa na mama yake, Privatus aliyekwisha rudi aliinua mkono.

"Ngoja. Kabla hujawasha nikwambie mwenyewe. Litatoa moshi wa bluu. Ringi za injini zimechoka, kila wiki naongeza oili. Nilitaka nikwambie tukishakula yule samaki."

Keza akawasha. Gari lilikohoa, likashika, na moshi wa bluu ukatambaa mpaka kwenye migomba. Akaliacha lingurume, akashuka akanusa, akainama kutazama chasisi. Haikuwa na kutu. Akazima.

"Silinunui," alisema.

Privatus aliitikia kwa kichwa taratibu. "Ni haki yako."

"Hujaniuliza kwa nini."

"Moshi."

"Moshi unatibika kwa fundi. Ila mtu hanunui kitu cha nyumbani kwake."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, shati lake lote la drafti likalegea, akatazama chini, akatazama juu, mwisho akamtazama Speciose kama mtu anayeomba maji.

"Mama, umesikia alivyosema?"

"Nimesikia, masikio yangu hayali oili." Speciose aliinuka, akatikisa kitenge chake. "Kwanza gari liende kwa fundi. Halafu wazee wako waje."

"Lini, mama?"

"Siku yoyote. Ila waje asubuhi, na wasinipigie simu kwamba wako njiani. Nasi watukute boneti ikiwa baridi."