Nadhiri ya Pangoni

Kuluthum aliamka na tope miguuni. Tope bichi la mikoko, jeusi, linanuka chumvi na uozo, na mlango ulilala na komeo ambalo mtoto wa miaka mitatu hawezi kulifikia. Nadhira, mama yake, alimwosha haraka haraka kabla mumewe Mahfudh hajarudi kutoka msikitini, akajiambia ni utundu wa watoto.

Moyoni alijua. Mwaka huo wa 1946 wengi bado waliikanyaga njia ya ziara ya Jomvu Kuu, ipitayo kandokando ya mikoko, ikaingia msituni, mpaka kaburi la sharifu. Kabla ya kaburi kuna pango la jini. Hapo watu huvua viatu, hutupa ubani wakapita kimya. Haja husemwa kaburini. Lakini siku aliyokwenda kuomba mtoto jua lilikuwa kali, nyayo zimechubuka, na miaka ya kuitwa tasa imemkaa kooni. Jamani, nani angemlaumu? Alipiga magoti palepale pangoni, akalia: "Nipe mtoto, nitakuletea akitembea kwa miguu yake." Mtoto alipopatikana, Nadhira aliona haya kusema alikoomba, wala nadhiri hakuitimiza.

Sasa Kuluthum alikuwa akikonda. Adhuhuri moja, nyumba ikiwa kimya, Nadhira alisikia chumbani sauti ya kike ikibembeleza, nyororo, ikiimba wimbo asioujua, na alipoingia akakuta shuka limelowa na kunuka ubani, na mtoto, mwili baridi kama maji ya mtungi, amenyoosha mikono kwenye pembe isiyokuwa na mtu, akicheka kwa furaha ambayo mama yake hakuwa ameiona kwa muda mrefu. Nadhira alipiga ukelele.

Mahfudh akamwita Mwalimu Mwidani, mganga wa kitabu. Mzee alifukiza, akasoma, akanong'ona:

"Bi Nadhira, uliomba wapi?"

"Pangoni. Nalichoka, mwalimu."

"Subhanallah! Jini asema mtoto ni wake, wewe alikupa umlee tu. Ukimpeleka kama ulivyoahidi, atamwachia uhai. Lakini mtoto hatakujua tena kuwa u mamake. Hilo atalitwaa yeye."

"Ataishi?"

"Inshallah."

"Basi na alitwae," alisema Nadhira, Mahfudh hajafungua kinywa.

Kesho yake walikwenda wote watatu kwa miguu. Nadhira alimshika mtoto mkono njia nzima, akitembea polepole kusudi, akiinama kila penye mizizi kumnusa nywele. Mlangoni mwa pango vidole vile vidogo vikachopoka. Wimbo ulisikika ndani, kisha ukakatika. Kuluthum akatoka, mashavu yamerudiwa na damu, akampita mama yake, akaikumbatia miguu ya baba. Nadhira alilia kwa sauti, hakujali nani anamsikia.

Mtoto alipona, akanenepa. Ila kila magharibi hukaa kizingitini, uso ameuelekeza mikokoni, akiita, "Mama! Mama!" Na huko mikokoni huitikiwa.

Nadhira humjia na bakuli la uji.

"Kula, mwanangu."

Mtoto humgeukia, akalipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kupokea kitu kwa wakubwa.

"Ahsante, Bi Nadhira."